Yamanaka Sadao: mkubwa kweli, au ni sifa za marehemu?

Msomaji ameuliza: "Nimeangalia filamu nyingi za Kurosawa, mwongozaji wa Kijapani, na karibu zote za mwenzake Ozu ninazoweza kuzipata. Kila nikisoma habari zao nakutana na jina la Yamanaka Sadao, kwamba aliongoza filamu zaidi ya 20 na akafariki kabla hajafika miaka 30. Lakini simwoni akionyeshwa wala kujadiliwa. Je, alikuwa mwongozaji mkubwa kweli, au ni zile sifa ambazo kila marehemu hupewa? Na kama anafaa, nianze na ipi?"

Ndugu msomaji, alikuwa mkubwa kweli, na ushahidi upo. Filamu zake tatu zimebaki karibu nzima. Moja ina dakika 92, nyingine 82, nyingine 86. Unaweza kuzimaliza zote jioni moja ukila chakula katikati. Nalitanguliza hilo kwa sababu wengi wanaomwandika Yamanaka huanzia kaburini: wanahesabu filamu ambazo angetengeneza, na zile alizotengeneza zinageuka utangulizi wa msiba. Kifo chake tutakifikia, maana kina mambo yake, ila kazi kwanza.

Kabla ya kazi, tarehe mbili. Yamanaka (hili ndilo jina la ukoo, Wajapani hulitanguliza) alizaliwa Kyoto Novemba 1909. Kurosawa alizaliwa Tokyo Machi 1910. Ni miezi minne tu baina yao, ingawa tumezoea kumweka mmoja kati ya wahenga na mwingine kati ya watu wa zama zetu. Kurosawa aliongoza filamu yake ya kwanza mwaka 1943, akiwa na miaka 33. Yamanaka alifariki Septemba 1938 akiwa na miaka 28. Siku ile Yamanaka anafariki, Kurosawa alikuwa bado mwongozaji msaidizi asiye na filamu hata moja kwa jina lake. Angekufa naye katika umri huo, leo tusingekuwa na la kusema juu yake. Yamanaka, katika umri huohuo, tayari alikuwa mtu ambaye wahakiki wa nchi yake walisubiri kila filamu yake mpya.

Aliingia studio mwaka 1927, akitokea moja kwa moja shule ya biashara ya Kyoto. Mlango aliufunguliwa na Makino Masahiro, aliyemtangulia shuleni hapo. Baba yake Masahiro, Makino Shozo, ndiye anayeitwa baba wa filamu za Japani. Alikuwa akiongoza tangu 1908. Kwa hiyo kijana alijifunza kazi kwenye chimbuko lenyewe. Mwaka uliofuata alihamia kampuni ya mwigizaji Arashi Kanjuro kuandika miswada, na Februari 1932, akiwa na miaka 22, akapewa kuongoza filamu yake ya kwanza, Iso no Genta. Ilikuwa filamu bubu. Mhakiki Kishi Matsuo aliiona, akaisifu kwa nguvu, na jina la kijana wa Kyoto likafika Tokyo kabla mwenyewe hajafika.

Niseme neno juu ya hiyo "bubu", maana inapotosha. Kumbi za sinema za Japani hazikuwahi kuwa kimya. Kando ya kitambaa alikaa msimulizi, benshi, aliyeeleza kisa na kutoa sauti za wahusika wote, mwanamke, mtoto na jambazi, kwa koo moja. Aliyepita vibanda umiza vya Dar es Salaam enzi za Lufufu, au banda la video la Kampala ambako VJ anamsemea Schwarzenegger, anaijua kazi hii bila kufundishwa. Tofauti ni kwamba benshi walikuwa mastaa rasmi, watu walikwenda ukumbini kwa ajili yao. Sauti ilipoingia kwenye mkanda kuanzia 1931 wakaanza kupoteza kazi, wakagoma, wakashindwa. Kaka yake Kurosawa alikuwa mmoja wao. Alijiua mwaka 1933.

Yamanaka alipita katikati ya mabadiliko hayo bila kujikwaa. Alikuwa mtu wa kubana maneno, na sauti ilipokuja hakuijaza porojo. Hapa ndipo kuna jambo lake kubwa. Filamu za kihistoria za Japani, zile za mapanga, zilikuwa na lugha ya majigambo iliyotoka kwenye jukwaa la kabuki, maigizo ya jadi ya Japani. Samurai alinguruma. Yamanaka na wenzake wakawafanya watu wa karne ya 18 waongee kama majirani wa Kyoto ya 1935: wanakatizana, wananung'unika kuhusu kodi, wanasengenya. Nywele zimefungwa kishungi cha kale lakini maneno ni ya leo.

Nasema "wenzake" kwa sababu hakuwa peke yake. Katika mtaa wa Narutaki, Kyoto, waliishi vijana wanane, waongozaji na waandishi, wa kampuni tofauti zilizokuwa zikishindana. Walikutana, wakanywa, wakaandika miswada pamoja, na kuisaini kwa jina moja la kubuni: Kajiwara Kinpachi. Yamanaka alikuwamo, na Inagaki Hiroshi, ambaye baadaye filamu yake ya samurai ilipata Oscar. Nakushauri ulikumbuke hilo unapomsoma mtu akimsifu Yamanaka kana kwamba kila wazo lilitoka kichwani mwake. Alikuwa mtu wa kikundi, na alipenda iwe hivyo.

Sasa filamu zenyewe.

Tange Sazen na Mtungi wa Ryo Milioni (ryo ni sarafu ya kale ya dhahabu) ni ya 1935. Sazen alikuwa shujaa maarufu wa riwaya za Hayashi Fubo: jicho moja, mkono mmoja, ghadhabu tele. Mwongozaji Ito Daisuke alikuwa ameshamleta kwenye skrini kwa sura hiyo ya kutisha, akiigizwa na Okochi Denjiro. Ito alipoondoka kwenye kampuni ya filamu ya Nikkatsu, kazi ikamwangukia Yamanaka. Akamchukua Okochi yuleyule, kovu lilelile, akamgeuza mlinzi mvivu anayeishi kwa mwanamke mwenye banda la kurusha mishale, anayegombana naye mchana kutwa. Mwandishi wa riwaya alilalamika kwamba huyu si Sazen wake, na alikuwa na haki. Ni Sazen wa Yamanaka.

Kisa chenyewe: ukoo mmoja unagundua kwamba mtungi wa bei ya kutupa, uliokwisha kupewa mdogo mtu kama zawadi ya harusi, umefichwa ramani ya hazina. Wakati huo mdogo mtu, Genzaburo, ameshamuuzia mnunuzi wa vitu chakavu, na mnunuzi amempa mtoto wa jirani, Yasu, afugie samaki wake wa mapambo. Kila mtu anautafuta mtungi na mtungi uko mbele ya macho yao filamu nzima. Genzaburo ametumwa kuutafuta lakini anatumia siku zake kwenye banda la mishale, akimtazama binti mmoja wa pale, na hana haraka kabisa ya kuupata.

Angalia jinsi anavyokata picha. Baba wa Yasu anauawa, mtoto anabaki yatima. Bibi mwenye banda anaapa kwamba hatamlea mtoto wa mtu, hapendi watoto, asiletewe. Picha inakatwa: mtoto anakula wali ndani ya nyumba. Sazen naye anaapa kwamba jambo fulani hatalifanya ng'o. Picha inakatwa: analifanya. Mchezo huu unarudiwa tena na tena, na kila mara unacheka, kwa sababu Yamanaka hakuonyeshi ile dakika ya kulainika. Anaificha. Wema wa watu hawa unafanyika nje ya fremu, kana kwamba wao wenyewe wanauonea aibu. Kuna pia kinyago cha paka wa kukaribisha wateja: bibi akianza kuimba, Sazen, ambaye hapendi uimbaji wake, anamgeuza yule paka aangalie ukutani. Hakuna neno. Ndiyo mapenzi yao yote hayo.

Na halafu, ghafla, unakumbushwa Sazen ni nani. Amekutana usiku na muuaji wa baba wa mtoto. Anamwambia Yasu afumbe macho ahesabu hadi kumi. Mtoto anahesabu. Yakifumbuliwa, kazi imekwisha na wanaendelea na safari. Mimi sijui mapigano ya panga ya miaka hiyo yaliyonikaa kichwani kuliko haya ambayo karibu hatuyaoni.

Ya pili, Kochiyama Soshun ya 1936, nitaipitia haraka, na wapo watakaonilaumu. Ni nzito kuingilika kwa mtu asiyejua mchezo wa kabuki ambako kisa kilichotwa, wahusika ni wengi na mwanzo unataka subira. Kijana mmoja anaiba kisu kidogo cha samurai, dada yake muuza togwa tamu anatumbukia kwenye deni kwa ajili yake, na walaghai wawili waliokuwa wakiishi kwa ujanja tu wanaamua kufa kwa ajili ya binti huyo. Dada ni Hara Setsuko, yuleyule unayemjua kwa Ozu, akiwa bado na miaka 15. Tazama tu pale anapoamua kujiuza huku theluji ikianza kuanguka nje. Bila kilio wala muziki wa kuvuta machozi, uso wa mtoto unazeeka mbele yako.

Ya tatu ndiyo kazi kuu. Ninjo Kami Fusen, yaani Utu na Maputo ya Karatasi, ya 1937. Alishahamia Tokyo, kwenye kampuni iliyokuwa inageuka kuwa Toho. Waigizaji aliwachukua Zenshin-za, kundi lililojitenga na kabuki mwaka 1931 kwa kuchoka na mfumo wa koo zinazorithishana nafasi. Walijiendesha kama ushirika. Hilo linaonekana kwenye skrini: hakuna staa anayengojwa, mtaa mzima unaigiza kwa uzito mmoja. Mpigapicha alikuwa Mimura Akira, aliyejifunza kazi Hollywood, na ambaye baada ya vita ndiye aliyeshika kamera ya rangi wakati Wamarekani walipopiga picha magofu ya Hiroshima na Nagasaki.

Filamu inafunguka asubuhi baada ya mvua, kwenye kichochoro cha nyumba za kupanga katika Edo, yaani Tokyo ya kale. Mpangaji mmoja, samurai mzee aliyekosa bwana wa kumtumikia, amejinyonga. Majirani wanajadili. Mmoja anashangaa kwa nini hakujiua kwa upanga kama inavyompasa samurai. Jibu: upanga aliuuza zamani, kwenye ala kulibaki mwanzi. Ndani ya dakika chache umeelezwa kila kitu kuhusu nchi hiyo na cheo hicho. Kisha kinyozi Shinza anambana mwenye nyumba agharamie pombe ya kukesha msibani, na msiba unageuka ngoma. Wanaimba, wanacheza, wanasahau ni nani amekufa.

Kutoka hapo kuna nyuzi mbili. Shinza anaendesha kamari bila ruhusa ya genge linalotawala mtaa, anapigwa, anadhalilishwa, na kwa kiburi tu anamteka binti wa mwenye duka la rehani. Jirani yake, Matajuro, ni samurai mwingine asiye na kazi. Kila siku anamfuata ofisa mmoja, Mori, ambaye alipanda cheo kwa msaada wa marehemu baba yake Matajuro. Ana barua ya baba mkononi. Mori anamkwepa, anamwambia njoo kesho, anapita mlango wa nyuma, mwishoni anamkataza kabisa kuja. Matajuro anabaki amesimama mvuani. Akirudi nyumbani anamwambia mkewe mambo yanakwenda vizuri. Mkewe anakaa akigandisha maputo ya karatasi ya kuchezea watoto, ndiyo yanayowalisha.

Sina sababu ya kukueleza jinsi hali hii inavyosikika kwa msomaji wa kwetu aliyewahi kuzungushwa na mkubwa mwenye deni la fadhila. Nitakuonyesha kitu kimoja tu. Matajuro anapokubali kumficha binti aliyetekwa chumbani mwake, anacheka. Ni mara ya kwanza tunamwona akicheka kwa raha. Mori ndiye anayempangia binti huyo ndoa, kwa hiyo aibu itamfikia Mori. Hakuna hotuba ya kisasi. Kicheko kimoja cha mtu mpole, na unajua ameshavuka mahali asipoweza kurudi. Mwenye nyumba naye, aliyebana senti za pombe ya msiba, anageuka dalali wa fidia na kujichotea fungu lake.

Mwisho wake utauona mwenyewe. Ninalosema ni kwamba Shinza anapokwenda kukutana na watu wa genge darajani, Yamanaka anatutoa kabla pambano halijaisha. Katika filamu ya samurai ya 1937! Wenzake walijenga dakika 80 ili wafike kwenye pambano. Yeye akafika na kugeuza kamera.

Ilizinduliwa 25 Agosti 1937, na siku hiyohiyo Yamanaka akapata wito wa kuingia jeshini. Vita na China vilikuwa vimeanza Julai. Alipelekwa China kama askari wa miguu katika jeshi la uvamizi, na hilo lisemwe hivyo, kwa sababu makala nyingi za mapenzi humfanya aonekane kama msafiri aliyepatwa na ajali. Alikuwa askari aliyeandikishwa, katika vita vilivyowatenda Wachina maovu makubwa. Januari 1938 alikutana hukohuko na Ozu, rafiki yake, aliyekuwa naye ameandikishwa. Aprili mwaka huo aliandika kwenye daftari lake kwamba kama Kami Fusen ndiyo itakuwa kazi yake ya mwisho, inasikitisha kidogo, na akawaomba wakubwa na rafiki zake watengeneze filamu nzuri. Septemba 17 akafariki kwa ugonjwa wa tumbo katika hospitali ya jeshi, Kaifeng. Wenzake wa Narutaki na Zenshin-za walichukua kisa alichokuwa amekiwaza na kukitengeneza filamu mwaka 1939, na kwenye mswada wakaandika lile jina lao la pamoja.

Kwa nini basi hatajwi? Sababu ya kwanza ni ya kimwili. Mikanda ya enzi hizo ilikuwa ya nitrati, inayoshika moto upesi na kuoza ikiachwa. Kampuni hazikuona faida ya kutunza filamu iliyokwisha kuonyeshwa, na nyingine zilikatwa vipande vikauzwa kama vitu vya kuchezea watoto majumbani. Ndiyo maana baadhi ya filamu zake zilizopotea zimebaki kwa dakika chache tu. Mabomu ya 1945 yakamaliza mengine. Machi no Irezumi-mono ya 1935, ambayo watu wa wakati wake waliiweka juu kabisa, haipo.

Baada ya vita, utawala wa Marekani uliorodhesha filamu 236 za kuondolewa kwa kosa la kueneza ukabaila na ari ya kijeshi, na filamu za mapanga kwa jumla zikatiliwa shaka. Tange Sazen ilinyofolewa pambano lake kuu la panga. Ni kichekesho cha ajabu: hakuna aliyewadhihaki samurai kwa ustadi kama Yamanaka, na mkasi haukujali.

Sababu ya pili ndiyo ninayoiona nzito zaidi. Dunia ilianza kuiuliza Japani habari za filamu zake mwaka 1951, Rashomon ya Kurosawa iliposhinda kwenye tamasha la filamu la Venice. Waliokuwa hai walikuwa na kazi mpya za kupeleka kwenye matamasha kila mwaka, wakahojiwa, wakaandikwa vitabu. Yamanaka alikuwa amekufa miaka 13, na kilichobaki kwake kilikuwa samurai wanaouza mapanga yao. Soko la nje lilitaka wanaoyachomoa. Hata leo, mtu akitafuta filamu ya samurai, ni vigumu kumshawishi aangalie moja ambayo jambo la hatari kuliko yote ni mke kuikuta barua mfukoni mwa nguo ya mumewe.

Kuhusu mahali pa kuanzia, anza na Tange Sazen, hata kama kila orodha utakayoikuta itakuambia uanze na Kami Fusen. Kichekesho kitakufundisha namna anavyokata picha na kuficha mambo, na ukishaizoea hiyo utaingia kwenye Kami Fusen ukijua pa kuangalia. Kochiyama iache ya mwisho, na usome kwanza muhtasari wa kisa. Zote tatu zimetolewa kwenye diski zikiwa na tafsiri ya maandishi kwa Kiingereza. Epuka nakala mbovu zinazozunguka mtandaoni ambazo sauti yake ni mkwaruzo mtupu na weusi wote umekuwa kijivu: picha za Mimura zina mambo yanayotokea mbali, mwisho wa kichochoro, nyuma ya wanaozungumza, na kwenye nakala mbovu hao hawaonekani.